Mama Aliyenisihi Tusimchague Mwanawe

"Msimchague mwanangu. Ni mtu mbaya."

Maneno hayo niliambiwa na mama mzazi, jikoni kwake, mchana kweupe, huku kijana mwenyewe yuko nje anamkatia nyasi bibi wa jirani.

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Samahani mama, umesemaje?"

"Umenisikia vizuri. Mlevi. Mwizi. Ana mkono mwepesi, ipo siku ataua mtu. Rudi kwa wakubwa zako uwaambie Ernestine Tolliver amesema wamwache."

Aisee, nilichoka.

Ngoja nijitambulishe kwanza ili twende sawa.

Naitwa Odell Pettway, mzaliwa wa Alabama. Kwa miaka mingi nimekula kwa kazi moja tu: kuchunguza vijana wa vyuo kwa niaba ya timu ya ligi kuu ya mpira wetu wa Marekani, huu wa kubeba mkononi na kugongana. Timu siitaji jina, wenyewe wanajijua.

Kila mwaka timu zote zinakaa na kuchagua vijana kwa zamu. Ukichagua vizuri, mji mzima unakuimba. Ukichagua vibaya, unafungasha virago.

Kipaji hakikuwa kazi yangu. Kipaji kila mwenye macho anakiona kwenye video.

Kazi yangu mimi ilikuwa tabia.

Natumwa mpaka kwao kijana. Nakaa kwa kinyozi wake. Naongea na mchungaji, na mwalimu, na binti aliyeachana naye. Nataka kujua kitu kimoja: huyu akishikishwa mamilioni, atabaki mtu?

Na mwaka ule tabia ndiyo ilikuwa kila kitu. Msimu uliopita tulichagua jamaa mmoja mwenye kipaji cha kutisha. Watu walituonya, wakubwa wakasema atatulia. Hakutulia. Alimvunja taya mchumba wake, ikawa kesi, ikawa aibu ya nchi nzima.

Bosi wetu, meneja mkuu Haskell Croft, aliniita ofisini akaninyooshea kidole.

"Pettway, safari hii sitaki mhuni. Hata awe anapaa kama malaika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

Ndiyo maana siku hiyo nilikuwa Pell Creek, Mississippi, nyumbani kwa Ladarius Tolliver. Wenyewe wanamwita Dari.

Dari alikuwa mkimbiaji. Unampa mpira, mbele yake kuna ukuta wa majitu, anaingia kichwa kichwa, halafu unamwona anatokea upande wa pili na mpira wake kwapani. Siku ya kwanza kumwona uwanjani nilisimama bila kujijua, kahawa ikanimwagikia suruali. Sikusikia hata moto.

Sasa mama yake ananiambia ni mwizi!

Kina mama kwenye kazi hii nawajua. Wanakupikia mpaka unashindwa kunyanyuka. Wanakutolea picha za mtoto akiwa hana meno. Mmoja aliwahi kuniwekea mikono kichwani akaniombea kwa sauti, kama mgonjwa.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kumchongea mwanawe.

Bi Ernestine alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mfanyakazi wa kiwanda cha kusindika samaki wa kambale pale mjini. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa plasta kila kimoja. Alikaa mbele yangu wima, kama yuko mahakamani, akaanza kunisimulia.

Kwamba Dari alimpasua mtu kwa chupa pale kwa kinyozi, kwa sababu tu yule mtu alimcheka.

Kwamba aliiba sadaka kanisani, akakutwa nazo mfukoni, akaapa hajui zimefikaje.

Kwamba siku moja alipiga ngumi ukuta, karibu na sikio la mama yake, mpaka vumbi la chokaa likamwingia mama jichoni.

"Alikuwa ananipiga mimi," akasema. "Akakosea tu."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Nami nimewaona waongo wengi. Yule mama hakuwa anatunga. Mtu anayetunga hakumbuki vumbi.

Mara mlango ukafunguliwa, Dari akaingia anatiririka jasho, mkononi ana bakuli la nyanya.

"Mama, Bi Lottie kasema nikuletee. Kasema usimrudishie bakuli likiwa tupu, anakujua." Akanigeukia, kicheko mpaka masikioni. "Karibu mzee! Umekula? Usithubutu kuondoka hapa hujaonja kambale wa mama, utakuja kujilaumu."

"Nitakula, kijana."

"Mama, hivi funguo za gari nimeziweka wapi?"

"Umezishika," mama yake akajibu bila kumtazama.

Dari akaangalia mkono wake, akacheka, akatoka.

Mimi nikacheka pia.

Bi Ernestine hakucheka.

Nikaaga, nikaenda moja kwa moja kwa kinyozi. Jamaa anaitwa Alvin, mwembamba, mdomo haumfungi.

"Ile habari ya chupa hapa kwako," nikamwambia. "Ilikuwaje?"

Alvin akazima mashine. "Chupa? Nani kakwambia habari za zamani hivyo?"

"Nataka kujua Dari alimpiga nani."

"Dari?" Akaangua kicheko, kisha akaona mimi sicheki. "Kaka, Dari hajawahi kumpiga hata nzi humu ndani. Chupa ilikuwa ya Curtis. Baba yake. Marehemu."

Nikaenda kwa mchungaji. Sadaka nani aliiba? Curtis.

Nikamtafuta binti aliyeachana na Dari, nikamkuta kazini kwake, duka la dawa. Akasema, "Tuliachana kwa umbali wa vyuo, si kwa ubaya. Mama yangu mpaka leo amenuna kwa sababu nilimwacha. Anasema nimechezea bahati."

Mji mzima, wimbo mmoja. Dari ni dhahabu.

Na huyo Curtis? Walinieleza kwamba naye alicheza ligi kuu enzi zake, akarudi kwao, akawa mtu mpole wa kufundisha watoto kuogelea. Halafu taratibu akaharibika. Pombe, ngumi, matusi. Akafa hajafika uzee.

Nikajumlisha moja na moja. Mama wa watu aliteswa na mume. Sasa mwana amekuwa mkubwa, amefanana na baba yake sura na umbo, na majonzi yamemchanganya. Anamwona mume ndani ya mtoto.

Nilijiona nina akili sana.

Nikarudi kwa Croft. "Bosi, kijana ni safi."

"Mama yake mzazi kamsema vibaya, wewe unaniambia safi?"

"Yote aliyoyasema yalifanywa na marehemu mume wake. Nimeuliza mji mzima. Mama ana kidonda, bosi. Tumwache na kidonda chake."

Croft akawasha sigara ambayo daktari wake alishamkataza. "Nitamuuliza dogo mwenyewe."

"Tafadhali usifanye hivyo. Atagombana na mama yake."

"Pettway, hapa si kanisani."

Kwenye wiki ya majaribio, timu zinawahoji vijana mmoja mmoja hotelini. Dari aliingia chumbani kwetu amevaa tai iliyopinda. Akatusalimia wote kwa mkono, mpaka kijana wa kamera. Akakaa.

Croft hata salamu hakumaliza.

"Mama yako anasema wewe ni mlevi na mwizi. Anasema ulitaka kumpiga ngumi ya kichwa. Unasemaje?"



Nilimtazama Dari. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji.  

"Mama yangu? Ernestine?"

"Huyo huyo. Ni kweli au ni mwongo?"

Mjue kilichokuwa mezani. Neno moja tu, "anadanganya," lingemwokoa. Ushahidi upo, mji mzima upo upande wake. Maisha yake yote yalikuwa yananing'inia pale.

Dari akainyoosha tai yake.

"Mama yangu kanilea peke yake," akasema. "Siwezi kukaa mbele ya watu nisiowajua nikamwita mwongo. Kama kasema hivyo, shikeni hivyo. Mkiona sifai, nitaelewa."

Akasimama, akatuaga wote kwa mkono, akatoka.

Croft alibaki anaangalia mlango. Kisha akapiga meza.

"Mmemwona? Mmemwona jamani? Mamilioni yanamponyoka, bado hamuuzi mama yake! Hiyo ndiyo tabia! Huyo simwachii mtu!"

Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu.

Siku ya uteuzi ilipofika, nilitumwa Pell Creek kukaa na familia, na kofia ya timu ndani ya mfuko. Nyumba ilijaa mpaka barazani. Mashangazi, binamu, Alvin kinyozi na suti ya njano. Kambale wanakaangwa nje, mkate wa mahindi unapita juu ya vichwa vya watu, runinga imefunguliwa sauti yote.

Jina likatajwa. Ladarius Tolliver, raundi ya kwanza.

Jamani! Ile nyumba nilidhani inaanguka. Alvin aliruka juu ya meza, meza ikavunjika, hakuna aliyejali. Bi Lottie jirani, mwanamke anayetembelea fimbo, aliitupa fimbo.

Nikamvalisha Dari kofia. Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Halafu nikaona anatafuta mtu kwa macho.

Mama yake hakuwepo sebuleni.

Dari akaenda jikoni. Nami nikamfuata, nikasimama mlangoni. Bi Ernestine alikuwa anaosha sufuria moja, sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mama."

Akaendelea kusugua.

"Mama, wale watu walinisomea uliyosema. Mbele ya wanaume kumi wenye suti. Nikakulinda. Sasa leo niambie, nilikukosea nini?"

Mama akaweka sufuria chini.

"Hukunikosea kitu."

"Sasa?"

"Nilikwambia mara ngapi, Dari? Nilikwambia baba yako hakuwa mlevi. Pombe ilikuja mwisho. Kilichoanza ni funguo. Halafu majina. Halafu akawa anapotea njia ya kutoka dukani. Halafu ngumi. Walipompasua kichwa baada ya kufa, daktari aliniambia ubongo umekufa vipande vipande kwa kugongwa. Nikakwambia. Ukanijibu nini?"

"Kofia ngumu za uwanjani siku hizi ni nzuri," Dari akasema taratibu.

"Ukanicheka! Nikaenda kwa kocha wako, akanipa maua na tiketi. Nikaenda kwa daktari wa chuo, akanionyesha picha ya kichwa chako, akasema mama, kijana mzima huyu. Mzima! Na mwezi uliopita umeniita kwa jina la shangazi yako mara mbili!"

Akajifuta mikono kwenye sketi.

"Hakuna anayeogopa wewe kuumia. Nikajiuliza, hawa watu wanaogopa nini? Nikaona kwenye habari. Wanaogopa mchezaji mwenye tabia mbaya. Basi. Nikachukua mambo yote aliyonifanyia baba yako, nikayaweka kwenye jina lako. Sikuwa na mengine ya kuwapa."



Yule mama hakuwa amechanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa amesimama peke yake njiani, anajaribu kuzuia gari kwa mikono mitupu. Na mimi, mwenye akili zangu, ndiye niliyemtoa njiani.

"Mama," Dari akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Ulitaka kunizika nikiwa hai."

"Nilitaka uzeeke."

Dari akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Akapita pembeni yangu kama vile mlango hauna mtu. Jioni hiyo hiyo akaondoka na binamu zake.

Nilitoka barazani nikampigia Croft. Nikamweleza yote: funguo, majina, baba yake.

"Daktari wetu kampima," akasema. "Ni mzima. Wewe kazi yako ni tabia, na tabia ulishasema ni safi. Kunywa bia, Pettway. Umefanya kazi nzuri."

Nikakata simu, nikabaki nimeishika.

Dari akabadilisha namba. Bi Ernestine alimwandikia, hakujibiwa. Mwaka wa kwanza alipanda basi kutoka Mississippi mpaka mji wetu wa baridi kumwona akicheza. Dari alipoambiwa mama yake yuko getini, alisema mlinzi amwambie hamjui.

Mimi ndiye niliyemrudisha stesheni. Njia nzima hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Anakula?"

"Anakula, mama."

"Haya."

Uwanjani, sasa. Uwanjani Dari alikuwa moto. Watu walivaa jezi yake kazini. Kina mama waliwapa watoto wao jina lake. Na tabia yake ilikuwa ile ile: anajua majina ya wafagiaji, anabaki nyuma kuwaandikia watoto jina lake kwenye mipira mpaka taa za uwanja zinazimwa.

Na hicho ndicho kilichommaliza taratibu.

Angekuwa mkorofi, angegoma. Angekuwa mvivu, angejifanya mgonjwa wiki mbili akapumzika. Dari alikuwa anagongwa, analala chini, anaamka, anampigia makofi aliyemgonga, anarudi kwenye mstari.

"Unaona sawa?" kocha anamuuliza.

"Niko sawa, kocha."

Siku zote yuko sawa. Wenzake waliomba kupumzika, yeye akabeba zamu zao. Tukamsifu. Tukambandika kwenye mabango.

Mwaka wa nne akaanza kukosea upande. Anaambiwa kulia, anakimbia kushoto. Watu wakacheka, naye akacheka. Halafu siku moja nikamkuta kwenye maegesho, mchana, anazunguka katikati ya magari analia kama mtoto.

"Mzee Pettway, wameiba gari langu."

Gari lilikuwa mbele yake.

Nikampeleka kwa daktari wa timu. Vipimo vikatoka vizuri. Nikapiga kelele, nikaambiwa nirudi kwenye kazi yangu.

Kulikuwa na mzee mmoja wa stoo ya vifaa, Emil, Mpolandi, mtu wa utani. Dari alimpenda kuliko wachezaji wote, walikuwa wanakula pamoja mchana. Asubuhi moja Emil alimtania kuhusu viatu, kama kawaida yao.

Dari akampiga ngumi. Moja tu. Emil akapoteza meno na akazimia.

Walipomshika, Dari alikuwa anauliza, "Nani kampiga Emil? Nani kampiga Emil?"

Croft akaniita. Alikuwa amezeeka, sigara ile ile mkononi.

"Pettway, ulituambia huyu tabia yake ni safi."

"Bosi, huyu ni mgonjwa! Mama yake alitwambia kabla hata hajavaa jezi yetu!"

"Mama yake alitwambia ni mhuni." Akapuliza moshi. "Inaonekana alikuwa anamjua mwanawe kuliko wewe."

Tangazo la timu lilikuwa fupi. Ladarius Tolliver ameachwa kwa sababu za kinidhamu. Runinga zikarukia. Watu wale wale wa jezi wakasema, kipaji kipo, tabia ndiyo hana.

Emil, na mdomo wake umeshonwa nyuzi, alikataa kushtaki. Alisema kupitia meno yaliyobaki, "Yule si Dari. Dari alishaondoka muda."

Siku hiyo hiyo niliacha kazi. Nikamweka Dari kwenye gari langu, tukaanza safari ya Mississippi.

Njiani nilikuwa na wasiwasi mmoja mkubwa. Miaka yote hiyo hajazungumza na mama yake. Alimkana getini. Atakubali hata kushuka? Nikajaribu kumwandaa.

"Dari, tunaenda kwa mama yako."

"Poa."

"Hamjaonana siku nyingi."

"Najua. Nimem-miss sana," akasema, anatazama mashamba. Nikadhani ananidanganya.

Tulifika mchana. Bi Ernestine alikuwa barazani, amevaa nguo ya kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Nilikuwa nimempigia simu. Alisimama, mikono ameikunja kifuani, anasubiri hukumu yake.

Dari akafungua mlango wa gari. Akamwona.

Akakimbia. Zile mbio zake zile zile. Akambeba mama yake juu, akamzungusha kama mtoto.

"Mama! Mbona hunipigii simu siku hizi? Nina njaa mpaka naona nyota!"

Bi Ernestine akapiga kelele ya furaha ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Akamshika mashavu, akambusu paji la uso, akamshika tena. Miaka yote ikamdondoka pale pale, nikaona alivyokuwa msichana.

Alinitazama juu ya bega la mwanawe, macho yamejaa.

"Amenisamehe," akaniambia. "Bwana Pettway, mwanangu amenisamehe."

Nikashusha begi la Dari kwenye gari. 

Dari akaingia ndani, akachungulia chumba cha mbele, akachungulia cha nyuma. Tukamsikia anafungua milango.

Akarudi barazani.

"Mama, baba yuko wapi?"

Nilimwona Bi Ernestine akielewa. Nilitamani kugeuza macho, sikuweza. Furaha haikutoka usoni kwake mara moja. Ilitoka taratibu, kama maji kwenye nguo iliyoanikwa.

Mwanawe hakuwa amemsamehe. Alikuwa amesahau kwamba anamchukia.

 Akamwekea Dari kola ya shati vizuri.

"Baba yako yuko kazini," akamwambia. "Nawa mikono uje ule."

Mpaka leo naenda pale mara kwa mara. Nakaa na Dari ili mama aende sokoni au kanisani. Siku nyingine ananijua, siku nyingine ananiuliza kama nimekuja kumchunguza, anakaa wima, ananieleza jinsi asivyokunywa pombe. Namwambia amefaulu.

Watu huniuliza mitandaoni: ukiwa na mchezaji mwenye kipaji lakini tabia ina mashaka, unamchukua au unamwacha?

Nawajibu kwamba hilo swali nililiuliza maisha yangu yote, na siku niliyopata jibu lililo sahihi kabisa ndiyo siku niliyomwangamiza mtu. Kila nilichosema juu ya Dari kilikuwa kweli. Alikuwa mpole, mtiifu, mvumilivu, halalamiki. Ila sisi hatukuzitaka sifa hizo kwa sababu ni nzuri. Tulizitaka kwa sababu mtu wa namna hiyo unaweza kumtumia mpaka aishe, naye atakushukuru.

Kama una mtoto mwenye kipaji, na mtu mwenye suti akaja kukuuliza tabia ya mwanao, mpe chai. Halafu kabla hajainuka, mwulize na yeye yake.